Mwalo na Bandari: Historia ya Bukoba na Visiwa Vyake

Watu wa kando ya Ziwa Viktoria wana maneno mawili ya kutaja mahali pa kushukia chomboni. Moja ni bandari, neno lenye asili ya Kiajemi, lililopanda bara pamoja na Kiswahili cha pwani. La pili ni mwalo, ambalo wingi wake ni mialo. Hili ni neno la Kibantu cha maziwa makuu, lipatikanalo katika Luhaya na Luganda kwa umbo la omwalo, nalo limeingia katika Kiswahili cha wavuvi na hata katika lugha ya serikali inapohusu uvuvi. Bandari ni mahali pa meli, gati, ghala na ushuru. Mwalo ni mahali pa mtumbwi, wavu na mnada wa samaki. Mji wa Bukoba una vyote viwili, na tofauti ya maneno hayo ndiyo ufunguo wa historia yake.

Historia ya mji huu imeandikwa aghalabu kama historia ya bandari: nani alijenga kituo, nani alikiteka, meli ipi ilifika mwaka gani. Habari hizo ni za kweli na zina haki ya kusimuliwa. Lakini bandari iliwekwa juu ya mwalo uliokuwapo kabla yake, na visiwa vilivyo mbele ya mji, tangu Musira ulio karibu hata Bumbire na Goziba vilivyo mbali, ni sehemu ya habari ile ile. Ushahidi wa mwalo haumo sana katika majalada. Umo katika majina, katika maneno na katika masimulizi ya wazee. Na kwa kuwa ushahidi wa namna hiyo hauna ghala la kuhifadhiwa, hupotea upesi kuliko karatasi.

1. Mahali na majina

Bukoba iko katika ukingo wa magharibi wa ziwa, kusini kidogo ya Ikweta, nayo ni makao makuu ya Mkoa wa Kagera. Ziwa lenyewe liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji umekaa katika uwanda mdogo uliokingwa na vilima upande wa magharibi, na mto Kanoni hupita mjini ukielekea ziwani. Mvua ni nyingi, yapata milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo sababu migomba na mibuni hufunika nchi yote iliyo nyuma ya mji. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi 128,796 katika eneo la Manispaa.

Jina la Bukoba wenyeji hulihusisha na Bakoba, watu walioishi hapo tangu zamani, na mojawapo ya kata za Manispaa huitwa Bakoba hata leo. Kwa sarufi maelezo hayo hayana kikwazo: katika lugha za eneo hili kiambishi bu- hutaja nchi, na ba- hutaja watu wake, kama vile Baganda na Buganda, Bazinza na Buzinza.

Hata hivyo, jina hili lina jambo moja la kumshughulisha msomi wa lugha. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka Unyanyembe kwenda kaskazini katika karne ya 19 iliyachukua majina ya nchi za huku ikayavika kiambishi cha Kiswahili u-. Buganda ikawa Uganda, Buzinza ikawa Uzinza, Bukerebe ikawa Ukerewe, na Busoga ikawa Usoga, kiasi kwamba baadaye Waingereza waliiita meli yao ya ziwani Usoga. Buhaya nayo yaitwa Uhaya katika Kiswahili. Lakini hakuna aliyesema “Ukoba”. Jina limebaki na bu- yake kamili, sawa na Bumbire na Bugabo. Yaelekea sababu ni kwamba kabla ya mwaka 1890 Bukoba haikuwa jina la dola ambayo wasafiri walilazimika kuitaja kwa mbali. Lilikuwa jina la mahali padogo penye mwalo. Dola zilizojulikana zilikuwa Kiziba, Kyamtwara, Kihanja, Ihangiro na Karagwe. Misafara ilipita Karagwe, ambako kituo cha Kafuro kilikuwa makao ya wafanyabiashara wa pwani, na haikuwa na haja kubwa ya kushuka ziwani. Kwa hiyo jina la mji likaingia katika maandishi kama lilivyotamkwa na wenyeji.

Majina ya mitaa yanaonyesha jinsi tabaka moja lilivyofuata jingine. Bakoba, Bilele, Kashai, Hamugembe na Rwamishenye ni majina ya Kihaya. Miembeni ni Kiswahili kitupu, pamoja na kiambishi chake cha mahali mwishoni. Boma ni neno la Kiswahili ambalo Wajerumani walilitumia kwa kila ngome ya utawala wao. Kastam, mahali ilipo bandari, limetokana na Kiingereza. Mtu atembeaye kutoka Hamugembe hadi Kastam hupita katika majina ya nyakati mbalimbali kabla hajayafikia maji.

Inafaa kukumbuka pia kwamba jina la Wahaya wenyewe, kwa mujibu wa waandishi kadhaa, hapo kwanza liliwataja wavuvi wa kando ya ziwa tu, kisha likatandazwa juu ya watu wote wa dola zile katika siku za utawala wa kigeni. Ikiwa ndivyo, basi kabila zima limepewa jina lake na watu wa mwaloni.

2. Njia ya maji kabla ya mwaka 1890

Kwamba ziwa lilikuwa njia wala halikuwa ukuta, lugha zenyewe zashuhudia. Malcolm Guthrie alipopanga lugha za Kibantu mwaka 1948 aliweka Luhaya, Kinyambo, Kizinza na Kikerewe katika kundi moja la E.20. Kinyambo na Kizinza zimepakana na Luhaya nchi kavu, kwa hiyo udugu wao haustaajabishi. Kikerewe lakini ni lugha ya kisiwa kilicho upande wa kusini-mashariki wa ziwa, ambako majirani zake husema Kijita, Kikara na Kisukuma. Habari za mapokeo za Ukerewe hueleza jambo hili: ukoo wa watawala, Wasilanga, husema kwamba wazee wao walitoka Ihangiro, yaani katika nchi ya Muleba ya sasa, wakaenda Ukerewe. Aniceti Kitereza, mwandishi maarufu wa Ukerewe, aliyemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, aliandika katika lugha ambayo Mhaya aweza kuitambua kuwa ndugu ya lugha yake.

Kati ya Ihangiro na Ukerewe vimetapakaa visiwa vya Bumbire, Ikuza, Kerebe, Goziba na vinginevyo. Msafiri wa mtumbwi hakatizi maji mengi kwa mkupuo mmoja; huenda kisiwa hata kisiwa, akingoja upepo utulie. Goziba, ambacho kiko ndani sana kuliko visiwa vingi vya Muleba, ni mfano wa kituo cha namna hiyo. Jina lake nalo linakumbusha shina la kale la Kibantu lenye maana ya dimbwi au kilindi cha maji, ambalo katika lugha za magharibi ya ziwa limekuwa iziba na katika Kiswahili limekuwa ziwa. Shina hilo hilo huonekana kusikika katika jina la dola ya Kiziba. Mfanano wa sauti peke yake hautoshi kuthibitisha asili ya jina, lakini watosha kuonyesha kwamba majina ya visiwa hivi yanastahili kuchunguzwa na si kuandikwa katika ramani tu.

Vyombo vya njia hii vilikuwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, ambayo Waganda na watu wa visiwa vya Sese walisifika kwayo. Bidhaa zilikuwa samaki waliokaushwa, majembe ya chuma, chumvi, pembe na buni.

Buni lahitaji neno la ziada, kwa sababu wengi hudhani kwamba zao hili lililetwa na wakoloni. Luhaya ina neno lake la asili, mwani, linalotaja punje za buni zilizochemshwa na kukaushwa kwa ajili ya kutafunwa, na Luganda ina emmwanyi kwa kitu kile kile. Mgeni wa heshima hupewa mwani kabla ya maongezi kuanza. Kahawa, neno la Kiarabu lililokuja na Kiswahili, hutaja kinywaji na zao la kuuzwa. Kitu kilicholetwa na mgeni aghalabu huja na jina la mgeni; kitu chenye jina la kienyeji kilichohifadhiwa katika desturi ya ukarimu hakikuletwa jana. Kabla ya ukoloni upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya amri ya watawala, na biashara ya buni kwenda Buganda ilikuwapo. Mungu wa ziwa na dhoruba, Mugasha, alikuwa na nafasi kubwa katika dini ya zamani ya Wahaya, na aliyevuka maji hakumsahau.

Njia hii ya maji ilipata msiba wake wa kwanza wenye kuandikwa mwaka 1875. Henry Morton Stanley alikuwa akilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice. Tarehe 28 Aprili alitua Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji wakaivuta mashua nchi kavu na kumnyang'anya makasia, naye akajinasua kwa bunduki. Mwezi Agosti alirudi na mitumbwi ya Waganda na watu wenye silaha, akasimama mbali na pwani mahali ambapo mishale haikumfikia, akawapiga risasi watu wa Bumbire. Kwa maelezo yake mwenyewe waliouawa walizidi 30. Habari hizo zilipochapishwa katika magazeti ya London na New York ziliwaudhi hata watu wengi wa Uingereza. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kila kitu kinachojulikana sana juu ya siku ile kimetoka kwa aliyepiga risasi.

3. Kituo cha Wajerumani

Mkataba wa Heligoland na Zanzibar uliotiwa sahihi tarehe 1 Julai 1890 uligawanya eneo la ziwa baina ya Uingereza na Ujerumani kwa mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta. Mstari uliochorwa Ulaya ulihitaji mlinzi ziwani. Mwezi Novemba mwaka ule ule Emin Pasha, yule daktari Mjerumani Eduard Schnitzer aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta la Sudani, alifika Bukoba akiwa sasa katika utumishi wa Ujerumani, akaanzisha kituo. Alifuatana na Franz Stuhlmann, mtaalamu wa elimu ya viumbe, na Luteni Wilhelm Langheld. Emin hakukaa. Mapema mwaka 1891 aliondoka kuelekea magharibi, na mwezi Oktoba 1892 aliuawa katika nchi ya Kongo. Langheld ndiye aliyebaki kukiimarisha kituo.

Sababu za kupachagua mahali hapa ni rahisi kuziona. Palikuwa karibu na mpaka mpya na njia ya kwenda Buganda. Palikuwa na mwalo. Tena palikuwa katikati ya dola kadhaa zilizoshindana, hata mgeni mwenye bunduki aliweza kusimama baina yao. Katika ushindani huo Kahigi wa Kihanja alijifunga na Wajerumani na akapanuka sana kwa msaada wao. Mwaka 1906 Bukoba ilifanywa makao ya Mwakilishi Mkazi, kama Rwanda na Burundi, yaani Wajerumani walikubali kutawala kwa kupitia watawala wa kienyeji. Mji mdogo wa askari, makarani, Wahindi wenye maduka na Waswahili kutoka Tabora ukakua kando ya boma.

Dini nazo zilikuja kwa njia ya ziwa na mpaka. Baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892 Wakatoliki walikimbia kutoka Buganda, na katika mwaka huo Mapadri Weupe chini ya Askofu Jean-Joseph Hirth walianzisha misheni ya Kashozi. Kwa upande wa Waprotestanti, Wahaya walioamini walipokuwa Buganda walitangulia kuwaleta wenzao katika imani, na wamisionari wa Bethel wakafika mwaka 1910. Hivyo kwa muda lugha tatu zilishindana mjini: Luganda katika sala na vitabu vya dini, Kiswahili katika boma na sokoni, na Luhaya nyumbani. Katika mashindano hayo Kiswahili kilishinda bomani na sokoni, Luhaya ikashika nafasi ya Luganda makanisani, na Luganda ikaacha maneno mengi nyuma yake.

4. Meli, vita na buni

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo ziwa likapata meli za moshi. Mizigo ya Bukoba ilivuka kwenda Kisumu na kushuka hadi Mombasa, jambo lililoufanya mji wa Kijerumani kuitegemea reli ya Kiingereza. Mwaka 1928 reli ya Tanganyika ilipofika Mwanza, Bukoba ilipata mlango wa pili.

Meli zilizobeba ngozi na buni ndizo zilizobeba vita. Wajerumani walikuwa na mtambo wa simu ya upepo Bukoba, na Waingereza walitaka kuuvunja. Mwezi Juni 1915 jeshi chini ya Jenerali J. M. Stewart lilivuka kutoka Kisumu. Ndani yake walikuwamo askari wa King's African Rifles, Wahindi, kikosi cha Loyal North Lancashire, na kikosi cha wazee wa msituni kilichoongozwa na Kanali Driscoll, pamoja na mwindaji mashuhuri Frederick Selous. Mapigano yalidumu tarehe 22 na 23 Juni. Mnara wa simu uliangushwa, boma likachomwa moto, na mji ukaporwa na washindi, kisha wakapanda meli zao na kurudi. Mwaka uliofuata, 1916, Waingereza walirejea, na safari hii walikaa.

Chini ya Waingereza buni liliongezeka hata likawa uti wa uchumi wa Buhaya. Mali ilileta shule na nyumba za bati, na ilileta siasa pia. Mwaka 1924 kilianzishwa chama cha Bukoba Bahaya Union, mojawapo ya vyama vya mwanzo vya aina yake nchini. Mwaka 1937 amri za serikali juu ya namna ya kutunza mibuni ziliamsha ghasia, kwa kuwa mkulima aliona kwamba mti aliourithi kwa babu yake sasa una bwana mwingine. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha wakulima kilianzishwa, na baada ya Uhuru kikajengwa mjini kiwanda cha kahawa ya unga, Tanica. Katika kizazi hicho hicho Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, alifanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika zama hizi kupata daraja hilo. Alifariki mwaka 1997, na mwaka 2012 mabaki yake yaliwekwa katika kanisa kuu la Bukoba.

Mstari wa mwaka 1890 ulirudi kudai gharama yake. Kwa kuwa mpaka ulifuata digrii badala ya mto, kipande cha nchi kaskazini ya mto Kagera kilibaki upande wa Tanganyika. Kipande hicho ndicho Idi Amin alichodai kukitwaa mwanzoni mwa Novemba 1978. Majeshi yake yalilivunja daraja la Kyaka, Bukoba ikashambuliwa kwa ndege, na wakazi wengi wakakimbia. Vita vilivyofuata vilimwondoa Amin mwaka 1979, na Mkoa wa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina ukaitwa Kagera.

5. Mambo ya kutazamwa

Mgeni afikaye Bukoba leo huonyeshwa kwanza alama za bandari. Katika mji wa chini, karibu na ziwa, yapo makaburi ya Wajerumani na majengo ya zamani yaliyosalia, na kati yake nyumba iitwayo Duka Kubwa, ambayo huhesabiwa kuwa duka la kwanza la mji. Juu ya kilima cha Bunena, kilichoingia ziwani, limesimama kanisa la zamani lionekanalo na kila aingiaye kwa meli. Kule Nyamukazi, kando ya kijiji cha wavuvi, ipo Makumbusho ya Kagera yenye vyombo vya zamani vya Wahaya.

Kisiwa cha Musira nacho huvutia wengi. Yasimuliwa kwamba watawala wa kale waliwapeleka huko watu waliohukumiwa. Leo ni makao ya wavuvi, na mgeni huvuka kwa mashua kupanda miamba yake na kuutazama mji kutoka majini. Ni vizuri mji utazamwe hivyo, kwa maana ndivyo ulivyoonekana kwa karne nyingi kabla ya barabara.

Lakini mahali penye funzo kubwa kuliko pote ni Katuruka, katika nchi ya Maruku, kusini ya mji. Wazee wa hapo walisimulia kwamba chini ya mti wa Kaiija, jina lenye kutaja mahali pa mfua chuma, palifuliwa chuma katika siku za kale sana, na wakapahusisha na mfalme Rugomora Mahe. Peter Schmidt, mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Marekani, aliwasikiliza. Alipochimba kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 alikuta mabaki ya ufuaji chuma yenye umri wa miaka inayopita 2,000. Jina la mti lilikuwa limehifadhi habari ambayo hakuna karatasi iliyoihifadhi. Tangu hapo haiwezekani tena kwa mwanahistoria wa Buhaya kuyapuuza majina na masimulizi kwa kuyaita hadithi tu.

6. Ziwa lililotoa na kutwaa

Tarehe 20 Mei 1996 usiku meli ya MV Bukoba iliondoka katika bandari iliyoipa jina, ikapita Kemondo kuchukua abiria wengine, ikaelekea Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imeikaribia Mwanza, ilipinduka. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430; waliokuwamo walizidi sana idadi hiyo, na waliokufa walizidi 800. Hakuna ukoo mkubwa wa Buhaya usiokuwa na jina la mtu katika msiba ule. Kwa miaka mingi baada yake wengi waliiacha njia ya maji wakashika barabara, na gati la Kastam likapoa. MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961, iliendelea kwa vipindi, ikasimama kwa matengenezo, kisha ikarudi majini mwaka 2020.

Tarehe 10 Septemba 2016 ilitokea tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9. Watu waliuawa, nyumba nyingi zikabomoka, na shule za siku nyingi za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa kwa muda. Kwa siku moja ilionekana jinsi majengo yanayohesabiwa kuwa kumbukumbu yanavyoweza kuondoka.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 waliokolewa. Waliofika kwanza ni wavuvi wa mwaloni kwa mitumbwi na kamba zao. Siku ile mji uliokuwa na uwanja wa ndege na bandari ulisaidiwa na kitu kilichokuwapo kabla ya vyote viwili.

7. Goziba na kazi iliyobaki

Visiwa vilivyokuwa vituo vya njia ya kale vimekuwa na maisha mapya. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliongezeka ghafula katika miaka ya 1980, na biashara ya minofu yake ikavuta watu kutoka kila upande wa ziwa. Goziba, Bumbire na visiwa jirani ambavyo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba vilijaa makambi ya wavuvi. Usiku taa za wavuvi wa dagaa huonekana juu ya maji kama mji mwingine. Wahaya, Wazinza, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wasukuma na Wajaluo hukutana hapo, na lugha yao ya pamoja ni Kiswahili.

Kiswahili hicho ni mali ya kuchunguzwa. Kimechukua mwalo kutoka lugha za ziwani, na maneno mengine ya vyombo, pepo na nyavu ambayo Kiswahili cha Unguja hakiyajui. Kwa upande wa pili, mvuvi aliyekuja juzi hana sababu ya kujua jina la kila jiwe, hori na rasi katika kisiwa anachokaa kwa msimu mmoja. Hubuni jina jipya, naye ana haki, lakini jina la kwanza hufa pamoja na mzee wa mwisho alijuaye. Kila jina linalokufa Bumbire ni shahidi mmoja kupungua katika kesi ambayo hadi sasa imesikilizwa upande wa Stanley peke yake.

Kwa hiyo mambo mawili yanadaiwa. Kwanza, majina ya mahali katika visiwa vya Muleba na katika mwambao wa Bukoba yakusanywe kwa matamshi yake, pamoja na toni zake, maana Luhaya ni lugha ya toni na jina lililoandikwa bila toni ni nusu ya jina. Pili, msamiati wa mwaloni uandikwe kisiwa kwa kisiwa, Goziba kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, kwa kuwa watu wake wametoka pande zote za ziwa na lugha yao inachanganyika kila siku.

Makaburi ya Wajerumani yana mawe yake, na gati la Kastam lina vitabu vyake vya mizigo. Mwalo hauna jiwe wala kitabu. Una maneno ya watu walio hai. Katuruka imeonyesha kwamba maneno yaweza kutunza habari kwa miaka zaidi ya 2,000 maadam wapo wa kuyarithi. Historia ya Bukoba itakapoandikwa tena, ianzie majini, na mwandishi wake awe amekwisha kuvuka kwenda visiwani kusikiliza.